Betri za ditekta: kwa nini nimehamia kwenye za kuchaji

Masika ya mwaka juzi niliweka ditekta yangu, mashine ya kutafutia metali zilizofukiwa ardhini, juu ya kabati, nikaifunika kwa khanga kuukuu, nikaisahau mpaka mvua zilipokatika. Betri nane za alkalaini zilikuwa bado ndani. Nilipoifungua mwezi wa tano, kasha la betri limejaa unga mweupe kama chumvi iliyoshika unyevu, springi mbili zimekuwa kijani, na waya mwekundu ulikatika nilipougusa tu. Fundi redio wangu hapa Tabora mjini aliitazama akasema, "Kaka, betri zimekula mashine."

Alikamua ndimu kwenye kifuniko cha soda, akachovya mswaki, akasugua. Ule unga ukatoa povu. Kinachovuja kwenye alkalaini ni kitu cha jamii ya magadi makali, ndiyo maana ndimu inakimudu. Kisha akapitisha spiriti, akaacha vikauke vizuri, akalehemu waya mpya. Mashine ilipona, ila mimi niliumia sana, maana kifaa hicho nilikinunua kwa fedha ya misimu miwili ya asali.

Tangu hapo natumia betri za kuchaji, zile zilizoandikwa NiMH. Wenzangu tunaozunguka nao Nzega walinionya kwamba zina volti ndogo, mashine haitafika chini. Kwa hesabu ya haraka wana haki: alkalaini nane mpya za volti 1.5 zinatoa 12, na NiMH nane za 1.2 zinatoa 9.6. Lakini alkalaini haikai kwenye 1.5. Inashuka tangu saa ya kwanza, na ikifika nusu ya maisha yake imeshakaribia 1.2. NiMH yenyewe inang'ang'ania hapo kwenye 1.2 karibu mpaka mwisho. Tena mashine nyingi za siku hizi zina saketi ndani inayosawazisha umeme kabla haujafika kwenye koili, ile duara ya chini inayonusa metali. Nilifukia kipande cha risasi chini ya mwembe, nikapita juu yake kwa seti zote mbili, na mlio ulikuwa ule ule. Yako ikiwa ya zamani, soma kwanza kitabu chake kama kinaruhusu betri za kuchaji.

Ubaya wake ni mwingine. Kipimo cha betri kwenye kioo mara nyingi kimepangwa kwa alkalaini, kwa hiyo za kuchaji zikiwa zimejaa kabisa kinaweza kuonyesha nusu. Na zikiisha zinaisha ghafla. Mashine inaita vizuri, dakika chache baadaye kimya. Ndiyo maana natembea na seti mbili, moja nimeiandika A kwa kalamu ya wino mzito, nyingine B. Sichanganyi hata betri moja. Iliyo dhaifu ikikaa na zenye nguvu, wenzake wanaikamua mpaka inaharibika.

Sehemu ya kuwa makini zaidi ni dukani. Ukikuta betri ndogo ya kuchaji, saizi ya AA, imeandikwa 4800 mAh (kiasi cha umeme inachobeba), irudishe. NiMH nzuri ya saizi hiyo haivuki sana 2500. Ishike mkononi pia: ya kweli ina uzito wa gramu 26 hadi 30 hivi, ya bandia nyepesi kama ganda. Halafu kuna betri za tochi zinazolingana nayo kabisa kwa umbo, zimeandikwa 14500. Hizo ni za lithiamu, volti 3.7 kila moja. Ukipanga nane umeipa mashine volti karibu 30, na hapo hakuna ndimu itakayokusaidia.

Kuchaji porini kunawezekana. Nina paneli ndogo ya sola na chaja inayohudumia kila betri peke yake. Paneli inakaa juani, chaja na betri kivulini, kwa sababu jua la mwezi wa tisa huku kwetu linazichemsha na joto linazifupishia maisha. Betri ya 2000 mAh kwenye chaja ya 500 mA huchukua saa nne mpaka tano, kwa hiyo seti A inachaji wakati B iko kazini. Seti moja iligharimu kama seti sita za alkalaini, nazo nilikuwa nazimaliza ndani ya mwezi mmoja na nusu.

Za kutupa sijaziacha kabisa. Nabeba seti moja ya akiba ikiwa bado kwenye pakiti yake. Na kama wewe ni mtu wa kutoka mara moja moja, labda unaitafuta ile sarafu ya tembo, rupia 15 za dhahabu ya mgodi wa Sekenke ambazo Wajerumani walizigonga hapa Tabora mwaka 1916 (kila anayekuja kuazima mashine yangu lazima aiulizie), alkalaini zinakutosha. Usinunue zile za bei ya chini kabisa za redio, zinachoka upesi na kuvuja upesi. Zikiisha, usizitupe kisimani wala kwenye moto.

Na ukirudi nyumbani, kabla hata hujavua viatu, fungua kasha uzitoe.