Duka la Kibirizi: nijengeje ili nikihama nihame nalo?

SWALI: Mhandisi, shikamoo. Nina kiwanja Kibirizi, Kigoma. Ziwa lilipopanda, maji yalikula kibanda cha jirani. Nataka duka la vyumba viwili ambalo maji yakinifuata nitalibomoa na kulijenga upya Mwanga, hapahapa mjini Kigoma, kwa vifaa vilevile. Fundi anashauri matofali ya kuchoma na saruji ya kutosha. Ni sawa?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kwanza pima. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ukiwa ndani ya hapo, usijenge.

Ukiwa nje, saruji nyingi ndiyo itakayokunyima matofali yako. Tofali letu la kuchoma ni laini. Likishikwa na mchanganyiko wa saruji 1 kwa mchanga 4, siku ya kubomoa linapasuka tofali, kiungo kinabaki. Nimeona fundi akigonga ukuta wa hivyo: nusu ya tofali mkononi, nusu imeng'ang'ania saruji, na jioni rundo zima ni kifusi. Tumia saruji 1, chokaa 2, mchanga 9. Ukuta mfupi utasimama vizuri, na tofali litaachia kwa patasi.

Lakini mimi ningeishia kozi (safu) nne za tofali, juu yake nguzo za mninga na kuta za mbao. Meli ya Liemba unayoiona bandarini iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa kwa makasha yapatayo 5,000 hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Kigoma. Ilishushwa majini 1915. Meli nzima! Duka lako halishindikani.

Nguzo na kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) zifungwe kwa bolti na washa, si misumari. Msumari ukiung'oa unachana mbao, unalazimika kukata ncha, na kenchi inarudi fupi. Mninga utoboe kwanza. Nguzo usiizike kwenye zege. Ikalie bamba la chuma lililofungwa kwenye msingi. Bati lipigwe skrubu zenye mpira.

Kila kipande kipe namba ya rangi, na namba hiyohiyo uiandike kwenye mchoro. Meno ya bolti yapake grisi kabla ya kukaza: unyevu wa ziwa huleta kutu, na nati iliyoshikwa na kutu utaikata kwa msumeno, usiitumie tena.