Maswali na majibu: Waya huu ni wa nani?

Barua za wiki hii zinahusu kazi yangu ya chuoni: kutafiti nani ana mamlaka juu ya intaneti na sera zake.

Mwalimu, unatafiti nini hasa? Intaneti si ya kila mtu?

Kuitumia, ndiyo. Kuiamulia ni jambo jingine. Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom, zinazopitisha intaneti chini ya bahari, zilikatika, intaneti ikasuasua Afrika Mashariki. Nilikuwa kwa wakala wa pesa mtaani. Waliobonyeza nyota na reli walitoa pesa wakaondoka. Wenye programu kwenye simu walibaki wakitazama kiduara kikizunguka. Mama muuza samaki akaniuliza, "Waya wenyewe ni wa nani?" Kazi yangu ndiyo hiyo: waya ni wa nani, nani anapanga bei, nani anaweza kuuzima, na kwa sheria gani.

Nimesoma sheria, kompyuta siijui. Nitafaa?

Sana. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ya Kenya ilibatilisha utoaji wa kadi za Huduma, vitambulisho vya kidijitali vya taifa, kwa sababu serikali haikutathmini kwanza athari zake kwa data za watu, kama Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inavyotaka. Kesi nzito vile ilisimama juu ya kifungu kimoja, cha 31. Lakini jifunze data inavyosafiri mpaka uweze kuichora kwenye karatasi. Usipojua seva, yaani kompyuta zinazotunza data, ziko wapi, hutajua umuulize nani.

Ajira ipo?

Ipo, ila mara nyingi si kwa jina hilo. Utaajiriwa idara ya sheria, siasa au uanahabari, somo hili ulibebe mwenyewe. Nje ya chuo kuna mamlaka za mawasiliano, kampuni za simu, asasi za haki, na kwa Tanzania Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ukipokea fedha za kampuni, itaje kwenye ukurasa wa kwanza wa utafiti wako. Hilo silegezi.

Sina ufadhili. Nianzie wapi?

Anzia kwenye tozo inayowauma watu. Julai 2018 Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa wanaotumia WhatsApp, Facebook na mitandao mingine. Wengi wakakimbilia VPN, programu zinazoficha unachofungua mtandaoni, ili wasilipe. Mwaka 2021 tozo ikaondolewa, ikaja kodi ya asilimia 12 kwenye bando. Hapo pana shahada nzima! Keti na wauza vocha, uliza nani aliacha kununua. Kisha andika kwa Kiswahili pia, yule mama wa samaki apate jibu lake.