Dalali gani wa kuuza nyumba Nyegezi?

Dada, umesema madalali watatu wanaitaka nyumba yako ya Nyegezi na moyo wako uko kwa yule aliyetaja bei kubwa. Huyo ndiye ningemwogopa. Kutaja bei ni bure. Muulize ameuza nyumba zipi karibuni hapo Nyegezi au Mkolani, kisha nenda ukaongee na wenyewe waliouza. Akikosa hata mmoja, muage.

Wengi tunaliwa kwenye cha juu, yaani pesa anayojiongezea dalali juu ya bei yako. Wewe unataka milioni 60, yeye anamwambia mteja 75. Nyumba inakaa miezi, unadhani soko limelala kumbe ni yeye. Yalinikuta Buswelu. Siku hizi naandikishana naye: bei ninayotaka, asilimia yake, na kwamba mimi na mnunuzi tutakaa meza moja. Asilimia hailipwi mpaka fedha isome kwenye akaunti yangu.

Hati halisi usimwachie, nakala inamtosha. Kama mnaishi hapo na mumeo, lazima aridhie; Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka hivyo, hata kama hati ina jina lako peke yako. Pia kaulize TRA mapema kuhusu kodi ya faida ya mauzo, maana ni ya muuzaji.

Hao wawili waliobaki, wana ofisi au ni wa kijiweni? Kijiwe si kosa. Dalali wangu wa mwisho nilimpata kwa mama ntilie, na aliuza vizuri tu.