Kuchemsha hakuondoi risasi

Dada, pole na hofu. Umeuliza kama maji ya kisima chenu hapo Mtwara, jirani na dampo, yanafaa kwa watoto ukiyachemsha. Hapana. Moto unaua vijidudu tu. Risasi (si ya bunduki, ni ile metali) na kadimiamu, metali nyingine yenye sumu, zinabaki, na maji yakipungua sufuriani ndiyo zinazidi kukolea. Dawa ya klorini nayo haizigusi.

Zinatoka kwenye betri na makopo ya rangi. Huku Lindi niliwahi kukuta betri ya gari imepasuliwa mita chache kutoka kisimani, watoto wanachezea yale mabamba ya kijivu. Niliumia sana. Mvua ikinyesha, sumu yote hiyo inanywea mchangani. Wala usiamini maji kwa kuwa ni meupe: risasi iliyoyeyuka haionekani.

Mtoto mdogo hufyonza risasi mara 4 hadi 5 ya mtu mzima, na inaharibu ubongo. Kadimiamu hula figo polepole.

Peleka sampuli maabara ya maji, useme wazi wapime madini mazito, yaani hizo risasi na kadimiamu (mwongozo wa WHO, Shirika la Afya Duniani, kwa risasi ni miligramu 0.01 kwa lita). Ukisubiri majibu, ya kunywa na kupikia chota bombani. Ya kisima yawe ya kudekia.