Feri iliondoka, au ilikuwa imeondoka?

SWALI: Mwalimu, salaam aleikum. Mimi ni karani kwa wakala mmoja wa forodha hapa Kilindini. Juzi niliandika taarifa ya kontena lililoharibika: "The seal was broken before the container has not been lifted." Bosi akairudisha ina mstari mwekundu, bila neno. Rafiki yangu aliyepitia kozi ya wiki mbili akaniambia kanuni ni moja tu: penye "before", "had" hulitangulia neno hilo, penye "after", "had" hulifuata. Nikiishika hiyo, nimemaliza? (Karani, Changamwe)

JIBU: Waaleikum salaam. Hujamaliza, mwanangu, na huyo rafiki yako amekuuzia gunia lenye tundu.

Kwanza hiyo "not", tuitoe njiani. Haikutokana na ujinga, imetokana na Kiswahili kizuri. Sisi twasema "kabla kontena halijainuliwa". Twakikanusha kitenzi kwa sababu kwa wakati ule jambo lenyewe bado. Mwingereza hafanyi hivyo; kwake "before" imeshabeba hiyo "bado" yote, na ukimwongezea "not" atabaki akijiuliza ni kitu gani hakikufanyika. (Wafaransa nao hupenda kuchomeka kijineno "ne" katika sentensi kama hizi, basi hatuko peke yetu.) Dawa yake ni nyepesi: kabla ya kuandika, geuza kichwani "kabla halijainuliwa" iwe "kabla ya kuinuliwa". "Not" itaondoka yenyewe. "The seal was broken before the container was lifted." Bosi wako hatakuwa na la kusema.

Umeiona "had" hapo? Haimo, na sentensi ni sahihi. Kanuni ya rafiki yako imeanguka kwa mfano wa kwanza tu, na hii ndiyo inayonichoma kila muhula: watu wazima, wenye akili zao, wanaoamini kwamba matendo mawili yakifuatana lazima moja livikwe "had". "Before" na "after" ni maneno yanayotaja mpangilio waziwazi. Yakiwapo, "had" mara nyingi ni hiari. "After I ate, I left" na "After I had eaten, I left" zote zapita.

"Had" inalazimika pale ambapo hakuna kitu kingine kinachomwambia msomaji kipi kilitangulia. Simama Likoni. "Nilipofika, feri iliondoka" na "nilipofika, feri ilikuwa imeondoka". Ya kwanza, umeingia ndani ya feri au umeiona iking'oa mbele ya macho yako. Ya pili, umekuta maji matupu na foleni ya watu. Hakuna mtu wa Mombasa anayezichanganya hizo mbili kwa Kiswahili. Basi Kiingereza ni vivyo hivyo: "When I arrived, the ferry left." "When I arrived, the ferry had left." Ukitaka kujua kama "had" inahitajika, jiulize kama kwa Kiswahili ungesema "ilikuwa ime-". Kipimo hicho unacho tangu utotoni, wala hakuna wa kukutoza ada.

Sasa rudi kwenye kontena lako, maana hapo "had" ni pesa. "When the crane lifted the container, the seal broke": kreni imeinua, sili ikakatika, na maswali yanamwendea aliyekuwa akiinua. "When the crane lifted the container, the seal had broken": sili ilikuwa imekatika tangu hapo, na maswali yanarudi nyuma kwa aliyelishika kontena kabla ya kreni. Na ukiandika "the seal was broken" baada ya "when", umeandika mtego, kwa sababu yaweza kusomwa kuwa sili ilivunjwa pale pale, au kwamba ilikutwa tayari imevunjika. Wakili wa bima ataisoma kwa namna inayomfaa yeye. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kanuni ya sarufi, muulize aliyekuwapo pale chini ya kreni aliona nini. Sarufi haiwezi kukujulia hilo.

Kosa la pili linatokana na imani kwamba "had" ni ya mambo ya kale. Mtu aandika "I had gone to Malindi in 1998" kwa kuwa 1998 ni mbali. Umbali hauhusiki. Vasco da Gama alifika Mombasa mwaka 1498, na kwa Kiingereza ni "Vasco da Gama reached Mombasa in 1498", kavu, bila "had", zaidi ya miaka 500 baadaye. "Had" inataka vituo viwili, kimoja nyuma ya kingine: "When the Portuguese began building Fort Jesus in 1593, Vasco da Gama had already died." Hiyo ni sawa, alifariki 1524, na 1593 ndicho kituo tunachosimama kutazama nyuma.

Mwanafunzi mmoja alinijia na kadi aliyonunua, imefunikwa plastiki, ina jedwali la kanuni kwa wino mwekundu na buluu. Nikamwambia aandike alivyoanza siku. Akaandika: "I had woken up, I had prayed, I had taken tea, I had boarded a matatu." "Had" nne, na hata moja haikuwa na kazi. Kwa Kiswahili angesema niliamka, nikaswali, nikanywa chai, nikapanda matatu. Hiyo "-ka-" yetu, inayosukuma hadithi mbele hatua kwa hatua, kwa Kiingereza ni "woke, prayed, took, boarded", basi. Kadi haikuwa na neno kuhusu "-ka-".

Wala haisemi kwamba "had" yaweza kukaa upande ule ule ambao rafiki yako anaukataza. "The driver left before I had signed the papers." Dereva ndiye aliyetangulia, lakini "had" iko kwangu, kwa sababu tendo langu halikuwa limekamilika: kabla sijasaini. Ni Kiingereza safi, na kwa kanuni ya wiki mbili kingepigwa mkasi.

La wakati ujao ni fupi: "before the ship arrives", kamwe si "before the ship will arrive". Na baada ya "had" ni "gone", si "went".

Siwalaumu wanaotafuta njia ya mkato, nawalaumu wanaoiuza. Karatasi zimebandikwa kwenye nguzo za umeme, "Kiingereza fasaha siku 14", na anayefundisha hawezi kukueleza kwa nini umekosea, anaweza tu kukuonyesha mstari kwenye jedwali. Mtu akitoka huko huwa ameambukizwa hofu ya "had", akiitia kila mahali ili aonekane amesoma, na kwenye barua za kazi madhara yake hayachelewi. Binti mmoja wa mapokezi ya hoteli, tena mwenye bidii kupita wenzake darasani, alimwandikia mgeni wa Uingereza: "We had received your payment." Alitaka kusema tumepokea, yaani "we have received". Lakini anayesoma "had" peke yake hukaa akingojea tukio la pili. Jibu lilikuja usiku ule ule, mstari mmoja: "And then what happened to it?"