Nimetolewa tezi dume sasa mkojo unavuja: kibanio, pampasi au kondomu?

Asalaam alaykum Bi Shangazi. Nina miaka 61, nipo Tanga. Miezi mitano iliyopita nilitolewa tezi dume kwa sababu ya saratani, namshukuru Mungu ni mzima ila mkojo unavuja, nikikohoa, nikicheka, nikiinuka kwenye kiti. Usiku nalala mkavu. Nimeacha msikitini, nimeacha barazani, maji nakunywa glasi mbili tu kwa siku. Mwezi ujao binti yangu anaolewa Dar na nimeshawaambia naumwa mgongo. Mke wangu anataka nivae pampasi, mpwa wangu kanionyesha mtandaoni kibanio cha kubana uume. Nichukue kipi? – Mstaafu

Waalaykum salaam kaka yangu. Kwanza huo mgongo upone leo hii, harusini unaenda.

Kuvuja baada ya kutolewa tezi dume kunawapata wengi sana, ile tezi imekaa pale pale mkojo unapofungwa, ikishatolewa mzigo unabaki kwa msuli wa chini yake na huo msuli unachukua muda kupata nguvu, watu wanaendelea kupata nafuu hadi mwaka na zaidi. We uko mwezi wa tano. Kwa hiyo unatafuta kitu cha kukuvusha, usije ukamwaga laki zako kwenye kifaa kimoja cha bei mbaya.

Na sio lazima uchague kimoja. Uingereza kuna utafiti ulitoka 2015, wanaume waliotibiwa saratani ya tezi dume walijaribishwa pedi, kondomu za mkojo na vibanio, na ilionekana kila kitu kina saa yake, na wengi wao walipendelea kuchanganya pedi na vifaa vingine mchana, usiku pedi. Mi naona ndo hivo hivo.

Pampasi zile kubwa za kufunga kiunoni achana nazo, hizo za mtu anayemwaga kibofu chote, we unavuja matone. Tafuta pedi za mkojo za wanaume, zina umbo la kikombe zinakaa mbele ndani ya chupi ya kubana (bukta pana haifai, pedi itatembea). Ukizikosa za wanaume chukua za mkojo za kawaida. Za hedhi ni za dharura tu, mkojo unakuja haraka zenyewe zinanyonya taratibu. Hizo ndo za nyumbani, sokoni, barazani.

Safari ya Dar ndo inataka kondomu ya mkojo. Hii sio ile ya uzazi, ina gundi ndani na mdomo mbele unaounganishwa na mrija hadi kwenye mfuko unaofungwa mguuni, na wewe kanzu utavaa, nani atajua? Shida yake ni saizi. Zungushia uzi katikati ya uume ukiwa umelegea, pima huo uzi kwa milimita, gawa kwa 3.14, ukipata uzi wa 90 maana yake ni kama 29, hiyo ndo namba unayoitafuta kwenye pakiti. Wanaume wanapenda kujiongezea hapa jamani, ukichukua kubwa itachomoka kwenye basi mbele ya wakwe, ukichukua ndogo itakunyonga. Osha, kausha vizuri, usipake mafuta wala poda maana gundi haitashika, nywele zipunguze, acha nafasi ndogo mbele isikusugue, halafu ikumbatie kwa kiganja mpaka ishike. Ibadilishe kila siku, mfuko umwage kabla haujajaa. Ukiwashwa au ngozi ikiwa nyekundu vua, na kama mpira wa kawaida unakudhuru ulizia za silikoni. Na tafadhali usijitengenezee kwa kondomu ya kawaida na rababendi au plasta ya kuzungusha, watu wamepata vidonda vibaya kwa mtindo huo.

Sasa kibanio cha mpwa wako. Kinafanya kazi kweli, kinazuia vizuri, lakini ni cha muda mfupi, labda unabeba vitu au unatembea mwendo wa haraka. Kila saa moja au mbili unafungua ukojoe na damu ipite, usiku hakivaliwi kabisa. Mwenye ganzi huko chini, mfano sukari imemshika siku nyingi, asikiguse, maana hatasikia kikimuumiza. Hata mwenye mkojo wa ghafla unaomkimbiza chooni asikitumie. Kwa hiyo usikinunue kabla hujarudi kwa daktari aliyekufanyia akupige utrasaundi baada ya kukojoa, aone kama kibofu kinaisha. Kuna wanaovuja kwa sababu kibofu kimefurika, ukimbana mtu kama huyo unamharibu figo.

Msikitini nenda. Kwa madhehebu yetu ya Shafi asiyeweza kuzuia mkojo anasubiri wakati uingie, anajisafisha, anaweka pedi safi, anatia udhu na kuswali bila kuchelewa, na kila faradhi udhu wake. Hilo la mfuko wa mguuni mkalishe sheikh wako faragha umuulize, sio mara ya kwanza kuulizwa.

Maji rudisha. Glasi mbili kwa joto la Tanga ni kujitafutia UTI, na mkojo mzito unakichokoza kibofu zaidi. Kinachotakiwa kupungua ni ile kahawa chungu ya barazani (najua, najua). Na mazoezi ya nyonga unafanya? Bana kama unazuia upepo usitoke, hesabu hadi kumi, achia, rudia mara kumi, asubuhi mchana na jioni, halafu jizoeze kubana kabla hujakohoa au kuinuka.

Kondomu ijaribu nyumbani wiki mbili kabla, siku nzima, keti, inama, panda bodaboda nayo. Siku ya safari beba mbili za akiba na kanzu ya pili, na mama watoto aambiwe mfuko wa mguuni uko wapi ili mkishuka njiani akulindie mlango wa choo.