12-18 baada ya mechi 30: usiuze tiketi kabla ya kuhesabu mikimbio

Usiuze. Ondoa hilo tangazo sasa hivi, kisha rudi usome.

Mkuu mleta mada, umesema timu yako ya besiboli imeshinda 12 na kupoteza 18, umechoka kukaa kwenye baridi ukitazama wapigaji wakikata upepo bila kugusa mpira, na umeshaweka tiketi zote za nyumbani zilizobaki ziuzwe kwa mkupuo mmoja. Halafu ukauliza kama kocha mkuu afukuzwe, kama yule mrushaji kijana (anayewarushia wapigaji mpira) apandishwe kutoka ligi ndogo, na redio ipi inatangaza vizuri ukiwa barabarani. La tiketi ndilo linaloniumiza, kwa sababu kila mwaka wiki hizihizi watu wanafanya jambo hilihili na kila mwaka Septemba wanalilia mlangoni.

MLB, ligi kuu ya besiboli ya Marekani, ina mechi 162. Mechi 30 hazifiki asilimia 19 ya msimu. Kwa anayefuata Ligi Kuu Bara, hapo ulipo ni kama mzunguko wa tano au wa sita. Nani anauza kila kitu mzunguko wa sita?

Na besiboli ina bahati nyingi ndani ya mechi moja kuliko soka. Timu bora kabisa hupoteza mechi 60 kwa mwaka na hakuna anayeshangaa. Chukua timu yenye uwezo wa nusu kwa nusu kamili, ichezeshe mechi 30: takribani mara 18 katika kila 100 itaishia na ushindi 12 au pungufu, bila mchezaji kuumia, bila ugomvi chumbani, bila kocha kukosea. Hiyo ni hesabu ya kurusha sarafu tu. Kwa hiyo ukiniambia 12-18, bado hujaniambia timu ni nzuri au mbaya. Umeniambia mambo hayajaenda vizuri.

Kinachosema ukweli mapema ni mikimbio, yaani mara ambazo mchezaji amezunguka vituo vyote (beisi) na kurudi nyumbani. Wewe mwenyewe umeweka namba kwenye uzi wako halafu ukazipita: mmefunga 118, mmefungwa 122. Tofauti ni 4. Nne, ndani ya mwezi mzima! Fanya hesabu aliyoianzisha Bill James, yule mtu wa takwimu za besiboli: mikimbio mliyofunga izidishe yenyewe kwa yenyewe, 118 mara 118 ni 13,924. Mliyofungwa hivyohivyo, 122 mara 122 ni 14,884. Jumlisha, unapata 28,808. Gawanya 13,924 kwa 28,808, unapata 0.483. Zidisha kwa mechi 30: ushindi 14 na nusu. Timu inayofunga na kufungwa hivyo kwa kawaida ingekuwa 14-16 au 15-15. Ushindi wenu wawili au mitatu umepotea njiani, na mahali ulipopotea panaonekana: mechi zilizoamuliwa kwa mkimbio mmoja mmeshinda 2 mkapoteza 8. Nyingine zote ni 10-10. Rekodi ya mechi za mkimbio mmoja ndicho kitu kisichodumu kuliko vyote kwenye mchezo huu. Mpira mmoja unaogonga ukingo wa beisi, mwamuzi mmoja mwenye jicho pana, basi.

Sasa wapigaji, maana hapo ndipo hasira zako zilipo. Wastani wa timu ni .227, yaani mipigo salama 227 kwa kila zamu 1,000, na unasema hawawezi kupiga. Wastani wa upigaji ni namba ya mwisho kabisa kutulia. Mpigaji wa kila siku akishamaliza mechi 30 ameingia kibandani kupiga kama mara 120 hivi. Kiwango chake cha kutolewa kwa straiki tatu (mipira mizuri mitatu aliyoikosa au kuiachia) huanza kuaminika baada ya kuingia mara 60 hivi. Kiwango cha kupewa beisi ya bure kwa mipira minne mibaya, karibu mara 120. Wastani wa upigaji unahitaji zaidi ya mara 900, yaani msimu mmoja na nusu. Ukimhukumu mtu kwa .227 ya Aprili unamhukumu kwa kitu ambacho hakijaiva.

Jaribu hivi. Chukua mipigo iliyozaa beisi, toa homu rani (mipigo iliyovuka ukuta). Gawanya kwa idadi iliyobaki ukichukua zamu rasmi za kupiga, ukatoa straiki tatu, ukatoa homu rani, ukaongeza mipigo ya kujitoa ya juu (mpigaji anadakwa ila mwenzake anafunga). Kwenu: mipigo 225 toa 27 ni 198. Zamu 990 toa 250 toa 27 ongeza 8 ni 721. Jibu ni .275. Hiyo ni sehemu ya mipira iliyopigwa ikabaki uwanjani na kutua salama. Ligi nzima huelea .290 na kitu, karibu .300. Mkirudi .292 tu, ni mipigo 12 au 13 zaidi kwa mechi 30. Na wewe mwenye 2-8 kwenye mechi za mkimbio mmoja unajua mipigo 12 ingebadilisha nini.

Baridi nayo ipo. Kila joto likishuka nyuzi 5 na nusu za Selsiasi, mpira wa juu uliopigwa mbali hupoteza takribani mita moja, kwa sababu hewa ya baridi ni nzito zaidi. Usiku wa Aprili huko Minneapolis, Detroit au Cleveland, mpira ambao Julai unaingia viti vya mbele unaishia kwenye glavu mbele ya ukuta. Ni mkao mmoja, nguvu ileile, na mpigaji anarudi benchi.

Wa kulaumiwa ni wale wachambuzi wa vipindi vya asubuhi na vijana wa podikasti waliokujaza hofu. Wanahitaji mada kila siku, na "tusubiri" si mada. Kwa hiyo wanakutolea takwimu kwamba timu zilizoanza vibaya hivi ni chache mno zilizofuzu. Hawakuambii wamechanganya nini humo ndani. Tangu 2022 kila moja ya ligi mbili zinazounda MLB inapeleka timu 6 kwenye mtoano. Kuanzia 2012 zilikuwa 5, ukiacha msimu mfupi wa 2020. Kabla ya hapo zilikuwa 4, na kuanzia 1969 hadi 1993 zilikuwa 2 tu. Ukijumlisha miaka yote hiyo kwenye kapu moja, bila shaka utapata asilimia ya kutisha. Na wanachanganya timu mbovu kweli na timu kama yenu iliyofungwa mikimbio 4 tu zaidi. Huo si uchambuzi, na mtu anayelipwa kuzungumzia besiboli alipaswa kulijua hilo kabla ya kufungua maikrofoni. Wanachukua hela za matangazo, wewe unabaki unauza viti kwa bei ya kutupa.

Tangu utaratibu wa timu 6 uanze 2022 hadi 2025, nafasi ya mwisho ya kufuzu ilichukuliwa kwa ushindi kati ya 83 na 89. Arizona mwaka 2023 waliingia na 84 na wakafika World Series, fainali kuu ya MLB. Kwenu zimebaki mechi 132. Kufika 84 mnahitaji 72, yaani .545. Kufika 87 mnahitaji 75, yaani .568, mwendo wa timu ya ushindi 92 kwa msimu mzima. Ni kazi, sikatai, lakini ni kazi inayofanyika.

Washington 2019 walikuwa 19-31 mwishoni mwa Mei. Watu walimtaka kocha Dave Martinez aondoke, na wapo walioachia viti vyao kwa bei ya soda. Kuanzia hapo wakaenda 74-38, wakamaliza na ushindi 93, wakaitoa Milwaukee kwa 4-3 kwenye mechi moja ya waildikadi (ya kuingilia mtoano), wakaiondoa Dodgers, wakaifagia St. Louis, na mwishowe wakaifunga Houston 6-2 kwenye mechi ya saba, kulekule Houston. Tatizo lao la Mei lilikuwa warushaji wa akiba, wale wanaoingia ukiwa unaongoza inningi (kipindi) ya saba au ya nane kati ya tisa. Warushaji wanaoanza mechi, yaani waanzaji, Scherzer, Strasburg na Corbin, walikuwa wanakusanya straiki tatu kama kawaida. Shimo la warushaji wa akiba ndilo rahisi kuliko yote kuziba katikati ya msimu: mrushaji Daniel Hudson walimchukua kutoka Toronto siku ya mwisho ya uhamisho, Julai 31, na yeye ndiye aliyefunga hesabu ya mechi ile ya saba. Kwa hiyo ukiona mnafungwa, tazama nani anafungwa. Kama ni waanzaji na straiki zao zimeshuka huku mipira minne imepanda, ogopa. Kama ni watu wa inningi ya nane, subiri Julai.

Mets wa New York 2024 walianza kwa kupoteza mechi 5 mfululizo, wakafika 22-33 mwishoni mwa Mei. Wakamaliza 89-73, wakafika fainali ya National League, moja ya zile ligi mbili. Na upande wa pili, Milwaukee 1987 walianza kwa kushinda 13 mfululizo na mtoano hawakuuona.

Sisemi kila timu itaamka. St. Louis 2023 walianza 10-24, wakamaliza 71-91, na Julai waliuza warushaji wao. White Sox wa Chicago 2024 walikuwa 3-22, wakaishia na vipigo 121, wakiwa wamefunga mikimbio 507 na kufungwa 813. Wale hesabu ya mikimbio iliwakataa mapema, haikuhitaji mtu kusubiri. Kwa wastani, kila mikimbio 10 ya tofauti ni ushindi mmoja, juu au chini. Ungeniletea tofauti ya 50 upande mbaya baada ya mechi 30, ningekusaidia mwenyewe kupanga bei. Umeniletea 4.

Kuhusu kocha, kwa kifupi. Baltimore 1988 walimfukuza Cal Ripken Sr. baada ya vipigo 6, akaja Frank Robinson, wakapoteza 15 zaidi mfululizo, 0-21 jumla. Utaniambia Florida 2003: walikuwa 16-22, wakamtoa Jeff Torborg, wakamleta Jack McKeon mwenye miaka 72, wakachukua kombe. Kweli. Ila mrushaji Dontrelle Willis alipandishwa kutoka ligi ndogo wiki hiyohiyo na mpigaji Miguel Cabrera akafuata Juni. Philadelphia 2022 nao wakamtoa Joe Girardi kwenye 22-29 wakafika World Series. Ni mifano inayokumbukwa kwa sababu ilifanikiwa. Kocha akifukuzwa mkataba wake bado unalipwa, na warushaji wa akiba wanabaki walewale.

Sasa turudi kwenye tiketi. Kuuza kwa mkupuo Aprili au Mei ni kosa mara tatu kwa pigo moja. Kwanza, bei iko chini kabisa: baridi, watoto wako shule, timu inapoteza. Pili, mnunuzi wa mkupuo ni mlanguzi, naye anakata punguzo kwa sababu anabeba tiketi za Jumanne ambazo hakuna anayezitaka. Anazikubali hizo ili apate zile za Julai. Tatu, na hii ndiyo inayouma: vilabu vingi humpa mwenye tiketi za msimu kipaumbele cha kununua tiketi za mtoano kwa bei ya klabu. Ukihamisha akaunti au ukaachia kifurushi, kipaumbele kinaondoka nacho. Soma masharti ya klabu yako kabla ya kubonyeza chochote, hasa sehemu ya kuhamisha, kwa sababu vingine vinahesabu asilimia ya tiketi ulizouza na kukukatalia kuweka nafasi tena mwakani.

Kama unataka kupunguza hasara, gawa tiketi mafungu matatu. Jumatatu hadi Alhamisi za mwezi huu na ujao, dhidi ya timu zisizovuta watu, ziuze mojamoja au mbilimbili, uziweke mapema kidogo, maana siku mbili za mwisho wauzaji wote wanashusha bei kwa pamoja. Wikiendi za Juni na ziara za Yankees au Dodgers shikilia mpaka shule zifungwe, ndipo upange bei. Ohtani, nyota wa Dodgers, akija mjini watu wanakuja hata kama timu yako iko mkiani. Za mwisho wa Julai mpaka Septemba usiziguse kabisa mpaka mechi ya 60.

Hiyo mechi ya 60 inaangukia mwanzoni mwa Juni. Siku hiyo andika namba nne: tofauti ya mikimbio, rekodi ya mechi za mkimbio mmoja, ile asilimia ya mipira iliyotua salama, na straiki tatu za waanzaji ukitoa mipira minne waliyotoa. Kama tofauti imevuka 35 upande wa hasara na waanzaji wamepoteza straiki zao, uza fungu la tatu kabla ya Julai 15. Ukisubiri zaidi ya hapo, klabu ikianza kuuza wachezaji bei ya viti inashuka siku hiyohiyo. Kama tofauti iko ndani ya 15, huku au kule, kaa na tiketi zako. Ikiwa katikati, zilete hizo namba hapa kwenye uzi tuzipige hesabu pamoja. Ila tangazo liondoe leo, maana kuna mtu anaweza kulinunua usiku huu.